Giaboksi ya RAV4 inapiga teke ikishusha gia: usinunue nyingine kabla ya kupima haya

Swali la msomaji wa Morogoro: "Habari za kazi, fundi. Nina RAV4 ya mwaka 2002, injini 1AZ ya D-4, 4WD, otomatiki ya gia nne. Nikikanyaga breki kukaribia tuta, spidi ikiwa kati ya 40 na 20, giaboksi inapiga teke mpaka abiria wanainama mbele. Asubuhi haina tatizo lolote, ila ikishatembea kama nusu saa inaanza. Kupandisha gia iko sawa, isipokuwa mara mojamoja ya kwanza kwenda ya pili inagonga. Mwezi uliopita nilibadilisha oili ya giaboksi. Wiki iliyofuata taa ya injini kwenye dashibodi iliwaka siku mbili, ikazima yenyewe. Fundi wangu anasema giaboksi imekufa, nitafute ya mtumba. Nifanyeje?"

Nzuri, kaka. Pole na usumbufu, na hongera kwa kuuliza kabla hujatoa hela. Usinunue giaboksi bado. Katika dalili zote ulizoandika sioni hata moja inayosema klachi za ndani zimeisha. Klachi zikiisha, gari huteleza: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, ukiweka D inachelewa kushika, mlima unaoujua inaushindwa. Ya kwako inashika, tena inashika kwa nguvu kupita kiasi na kwa wakati usio wake. Ugonjwa wa namna hiyo mara nyingi unatoka kwenye presha ya oili au kwenye umeme unaoiamuru presha hiyo. Vyuma huwa ni vya mwisho kulaumiwa.

Ngoja nieleze kinachotokea ukikaribia tuta, maana ukikielewa utaweza kumfuatilia fundi anachofanya. Gari ikipungua mwendo, giaboksi inatoka ya nne kwenda ya tatu, ya pili, kisha ya kwanza. Kila hatua, klachi moja inaachia na nyingine (au breki ya ndani) inashika, kama wakimbiaji wa mbio za kupokezana vijiti. Anayepokea akishika mapema na kwa nguvu huku anayetoa hajaachia, wanavutana, na wewe uliyekaa kwenye kiti unapata teke. Anayepanga nguvu ya kushika ni kontroli boksi. Inasoma umekanyaga mafuta kiasi gani, gari iko spidi ngapi, oili ina joto gani, halafu inapeleka umeme kwenye solenoidi zilizo ndani ya giaboksi, nazo zinafungua na kubana njia za oili.

Kwenye giaboksi yako hatua ya kutoka ya tatu kwenda ya pili ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu klachi moja inaachia na breki ya ndani inashika kwa wakati uleule, na solenoidi mbili, SL1 na SL2, ndizo zinazosimamia makabidhiano hayo. Kutoka ya pili kwenda ya kwanza ukiwa kwenye D ni kulaini kwa maumbile, maana gia ya kwanza inashikiliwa na klachi ya upande mmoja inayojiachia yenyewe gari ikiseleleka. Kwa hiyo teke linalokuja kati ya spidi 40 na 20 mimi nalishuku kwenye tatu-mbili. Lingekuwa linakuja gari imebakiza hatua mbili isimame, ningeanza kwenye mzunguko wa injini.

Kabla ya kugusa chochote, thibitisha kwamba ni giaboksi kweli. Tafuta uwanja mpana usio na watu wala magari. Endesha mpaka gari ipate moto na teke lianze. Kisha fika spidi 40, weka N, na ukanyage breki kama unavyofanya kwenye tuta. Teke likibaki, giaboksi haina kosa: angalia mauntingi za injini (raba zinazoishikilia injini), bushi za mikono ya mbele, na kwa kuwa yako ni 4WD, propela shafti na bearing yake ya katikati. Teke likipotea, tuendelee. Ukiwa hapohapo uwanjani, fanya na hili: rudi spidi 40 ukiwa D, ondoa mguu kwenye mafuta, na uvute lever kwenda 2 bila kugusa breki. Ikipiga teke lilelile, umeikamata hatua yenyewe, na utamwonyesha fundi kitu anachoweza kukirudia mbele ya macho yake badala ya kumsimulia.

Mauntingi zinahitaji nusu dakika tu. Fungua boneti, vuta handibreki, kanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, mtu asimame pembeni ya gari (asisimame mbele wala nyuma), halafu badilisha D kwenda R na kurudi. Injini itainama kidogo, hiyo ni kawaida. Ikiruka na kutua kwa kishindo, raba imekatika, na hata giaboksi nzima inayobadilisha kwa ulaini itakushtua kupitia hiyo raba.

Wakati unabadilisha N kwenda D na N kwenda R, sikiliza kwa makini, kwa sababu hapo ndipo uchunguzi unapogawanyika njia mbili. Kama hata kuingiza D na R kunapiga kishindo, basi presha ya giaboksi nzima iko juu. Mshukiwa ni solenoidi ya presha, ile ya SLT, au anayeiendesha. Ilivyotengenezwa, SLT ikikosa umeme presha inapanda mpaka mwisho. Toyota walifanya hivyo makusudi, klachi zisiungue kwa kuteleza hitilafu ikitokea. Matokeo yake ni gari inayogonga kila gia. Lakini kama D na R zinaingia kwa upole na teke liko kwenye tatu-mbili peke yake, presha kuu ni nzima na tatizo liko kwenye njia ya SL1 au SL2. Hujaniandikia hili, na ndilo ninalotamani kulijua kuliko mengine yote.

Pima na muda. Injini ikiwa na moto, kutoka N kwenda D gari inatakiwa ishike ndani ya sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R ndani ya sekunde 1.5. Tumia saa ya simu. Ikichelewa zaidi ya hapo, nitaanza kumsikiliza fundi wako anayesema habari za klachi.

Sasa oili, na hapa nina wasiwasi na kazi iliyofanyika mwezi uliopita. Jiulize: teke lilikuwepo kabla ya kubadilisha oili, au limeanza baada yake? Giaboksi yako inataka oili ya Toyota Type T-IV au inayolingana nayo kwa maandishi ya mtengenezaji kwenye kopo. Mafundi wengi huweka "hydraulic nyekundu" yoyote, ileile ya usukani, kwa kuwa zote zinafanana rangi. Rangi ni ya kutiwa tu, haisemi chochote kuhusu msuguano, na klachi za otomatiki zinaishi kwa msuguano. Oili isiyo sahihi inabadilisha namna klachi inavyoshika, na mabadiliko hayo huonekana zaidi oili ikiwa na moto na nyepesi.

Kosa jingine ninaloliona kila mara ni kipimo. Oili ya injini unapima injini ikiwa imezimwa. Ya giaboksi unapima injini ikiwa inaunguruma. Endesha kwanza mpaka oili ifike joto la kazi, nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, egesha mahali tambarare, kanyaga breki, pitisha lever polepole kila nafasi toka P mpaka L na kuirudisha P, kisha chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili za HOT. Aliyepima injini ikiwa imezimwa au ikiwa ya baridi ataongeza au kupunguza bila kujua. Ikizidi sana, vyuma vinavyozunguka vinaichapa oili mpaka inatoa povu, na povu lina hewa, na hewa inabonyea. Presha inakuwa ya kubahatisha, tena giaboksi ikiwa na moto. Linganisha hilo na dalili yako ya "asubuhi haina tatizo" utaona kwa nini sitaki kulipita haraka.

Ukiichomoa dipstiki, dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe ya chooni na usubiri dakika chache. Tone la oili nzuri husambaa likiwa jekundu au la kahawia hafifu mpaka ukingoni. Likibaki na kiini cheusi katikati, chembe za klachi zimo. Linuse pia: harufu ya kuungua ni ya ukali, haifichiki, na ukiinusa mara moja hutaisahau.

Kama hujui kilichowekwa, mwaga na uweke T-IV. Ukifungua nati ya chini inatoka takriban lita 3.5 tu, inayobaki imo ndani ya tork konvata (chombo cha oili kinachounganisha injini na giaboksi) na kwenye mabomba ya kupoza. Kwa hiyo mwaga, jaza kiasi kilekile kilichotoka, endesha siku kadhaa, rudia. Ukifanya mara tatu, takriban asilimia 80 ya oili itakuwa mpya. Pima kilichotoka kwa chupa yenye alama, usikisie. Mwambie fundi aishushe na sampo (karai la oili la chini ya giaboksi) ili uone sumaku zilizomo. Tope laini la kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida wa gari la umri huu. Vipande vinavyong'aa unavyoweza kuviokota kwa kucha ni habari mbaya. Na mkumbushe kwamba transfa ya 4WD, ile inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ina oili yake ya peke yake, isichanganywe na hii.

Injini nayo ina mkono wake. Ikiwa inazunguka juu gari likiwa limesimama, tuseme 1,000 na kuendelea badala ya 700 hivi, itasukuma giaboksi wakati breki inazuia magurudumu, na kushusha gia kutagonga. Injini za D-4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zinajulikana kwa masizi kwenye njia ya hewa, na throto (mlango wa hewa ya injini) chafu huvuruga mzunguko. Isafishe kwa dawa yake na kitambaa. Kibamba cha throto yako kinaendeshwa na mota, kwa hiyo usikilazimishe kwa bisibisi. Safisha pia sensa ya hewa kama gari inayo, kwa sababu kontroli boksi ikipewa hesabu ya uongo ya hewa, itakosea kukadiria nguvu ya injini na itapanga presha isiyofaa.

Nimeacha makusudi lile ninaloliona kuwa zito zaidi kwenye barua yako: taa iliyowaka siku mbili. Taa hiyo haiwaki bure, na kuzima kwake si kupona. Kodi, yaani namba ya hitilafu, kwa kawaida inabaki kwa muda kwenye kumbukumbu ya kontroli boksi, isipokuwa mtu amechomoa terminali ya betri. Ndiyo maana nakuomba: betri isichomolewe mpaka kodi zisomwe. Magari ya soko la Japani ya miaka hiyo mara nyingi hayaelewani na vile vifaa vidogo vya Bluetooth vya bei rahisi, kwa hiyo mtafute fundi umeme mwenye mashine inayosoma Toyota za Japani. Kodi ninazozitarajia ni kama P0753 na P0758, zinazohusu umeme wa solenoidi za kubadilisha gia, au P0748 ya solenoidi ya presha, au P0710 ya sensa ya joto la oili. Hiyo ya mwisho isidharauliwe: kontroli boksi ikiamini oili ni ya baridi kumbe inachemka, itapanga presha ya baridi.

Nina sababu ya kusisitiza umeme kwenye gari hili. RAV4 za mwaka 2001 hadi 2003 zilizouzwa Marekani zilipata sifa mbaya kwa tatizo hilihili, kugonga gia bila mpangilio, na chanzo kilikuwa kontroli boksi yenyewe. Sehemu zinazopeleka umeme kwenye solenoidi zilikuwa zinafeli. Toyota wa huko waliongeza muda wa dhamana ya kifaa hicho mpaka miaka 10 au maili 150,000. Kilichowaumiza wenye magari ni kwamba wengi walishabadilisha giaboksi kwanza. Giaboksi mpya ikafungwa chini ya kontroli boksi mbovu, ikagonga vilevile, na baada ya muda nayo ikaharibika kwa kupigwa kila siku. Gari lako limetoka Japani, injini yake ni ya D-4 na kontroli boksi ina namba nyingine, kwa hiyo hadithi ya Marekani si hukumu ya gari lako. Ila inakuonyesha mpangilio wa kupima.

Mpangilio wenyewe ni huu. Gari ikiwa na moto na teke likiwa limeanza, fundi umeme achomoe soketi kubwa ya giaboksi na apime kila solenoidi kwa multimita. SL1, SL2 na SLT zinatakiwa kusoma ohm 5.0 hadi 5.6 kwenye nyuzi 20. Zile za kufunga na kufungua tu, kama S4, husoma ohm 11 hadi 15. Sasa, kwa kuwa mnapima kwa moto, namba zitakuwa juu zaidi: upinzani wa waya wa shaba unaongezeka kwa asilimia 0.4 hivi kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo solenoidi ya ohm 5.3 itasoma karibu 6.5 oili ikiwa nyuzi 80. Hiyo ni nzima, msiitupe. Mbovu ni ile inayosoma sifuri au karibu yake, inayosoma mkatiko, au ambayo namba yake inarukaruka ukitikisa waya. Solenoidi inayopimika vizuri ikiwa ya baridi na kukatika ikiwa na moto ndiyo inayofanana hasa na malalamiko yako, na haitaonekana kama fundi atapima asubuhi gari ikiwa imelala.

Baadhi ya mafundi hupenda kujaribu solenoidi kwa kuigusisha betri moja kwa moja wasikie "tak". Kwa S4 ni sawa. Kwa SL1, SL2 na SLT haifai: upinzani wao ni mdogo, umeme mwingi unapita na koili inaweza kuungua. Hizo zipitishiwe balbu ya wati 21, ile ya taa ya indiketa, katikati ya betri na solenoidi, ndipo isikilizwe.

Kama solenoidi zote ni nzima kwa moto, apime waya kutoka soketi ya kontroli boksi mpaka soketi ya giaboksi, moja baada ya nyingine, huku akizitikisa sehemu zinazopita karibu na injini. Soketi ya giaboksi ikiwa na oili au kutu ya kijani kwenye pini, umepata mchawi. Solenoidi nzima, waya nzima, na kodi bado inarudi: hapo ndipo unapomfikia kontroli boksi. Mafundi wazuri wa elektroniki huifungua na kuchomelea upya maungio yaliyopasuka, au kubadilisha transista zinazoendesha solenoidi. Ukinunua ya mtumba pale Ilala au kwingine, namba iliyobandikwa juu yake ifanane na ya kwako yote, herufi kwa herufi. Kufanana umbo hakutoshi.

Kama umeme wote ni mzima na oili ni sahihi, iliyobaki ni valvu bodi, bamba la ndani lenye njia za oili, ambako valvu hukwama kwa uchafu na vitundu vyake hulika. Inafunguka bila kushusha giaboksi, lakini ni kazi ya meza safi na mikono isiyo na haraka. Kuna vijipira na springi zenye nafasi zake, na moja ikihama, gia itapotea. Mpe fundi wa giaboksi, usimpe fundi wa kila kitu.

Nitakubali kununua giaboksi ya mtumba kwa mambo haya: gari inateleza, oili inanuka kuungua na sampo ina vipande vya chuma, au D na R zinachelewa kuliko muda niliotaja ilhali oili imejaa na presha imepimwa kwa geji. Ikifika huko, hakikisha ni ya 4WD na namba ya aina yake inalingana na ya iliyopo, badilisha oili na chujio kabla haijafungwa, na usimame pale fundi anapoingiza tork konvata. Isipokaa mpaka mwisho kwenye pampu, bolti zikikazwa pampu inavunjika siku hiyohiyo.

Unauliza pia kimoyomoyo kama uendelee kuiendesha. Kwa teke la mara mojamoja kwenye tuta, unaweza kwenda kazini na kurudi wakati unatafuta mtu wa kupima. Punguza mwendo mapema na kwa upole ili gia zishuke bila haraka. Safari ndefu za milimani ziache kwa sasa. Ikianza kugonga kila gia, au taa ikirudi na kubaki, iegeshe, kwa sababu presha ya juu inapiga klachi na shafti kila unapobadilisha. Na kwa kuwa ni 4WD, ikibidi kuvutwa, ipakiwe kwenye gari la kubebea, magurudumu yote yawe juu.

Niandikie tena ukiwa na mambo manne: jina la oili lililo kwenye kopo la fundi wako, N kwenda D na R kunagonga au hakugongi, kodi zilizosomwa kabla betri haijachomolewa, na namba za ohm za SL1, SL2 na SLT zikiwa na moto. Kwa hayo nitaweza kukuelekeza kwenye kifaa chenyewe.